Boksi la Jumatano

Lori limechelewa. Usiku kucha theluji imeifunika
barabara ya kutoka Winnipeg,
na sisi wa Thunder Bay tumesimama nje ya duka la Reino,
watu kumi na wanane, nimewahesabu,
tukipiga miguu chini kama farasi waliosahaulika mnadani.

Jumatano ni Jumatano. Haijui likizo.
Mwenye homa amekuja na homa yake.
Tapio wa gereji amekuja na girisi kwenye kucha.
Mwalimu Odette amewaacha wanafunzi na mtihani
(usimwambie mtu).
Wote kwa ajili ya kurasa thelathini na mbili
na msichana wa wino, fundi wa kuchomelea vyuma,
ambaye toleo lililopita tulimwacha darajani
akining'inia kwa kidole kimoja
siku thelathini nzima.

Saa tano kasoro lori likaja.
Reino akapasua maboksi kwa kisu cha samaki,
harufu ikatoka, nusu petroli nusu mkate,
na watu wazima wakanyamaza.

Sheria ya Desemba haijaandikwa popote:
unanunua mbili. Moja yako,
moja ya boksi la ndizi kando ya mlango,
liende wodi ya watoto, ghorofa ya tatu,
ambako Krismasi huingia ikinyata.
Hotuba hakuna. Picha hakuna.
Mwaka juzi mtu alitia noti humo;
Reino akamkimbiza nayo hadi kituo cha basi:
"Mtoto hasomi noti!"

Kutoa ni moyo, najua, nimekaririshwa.
Lakini moyo nao hupepesuka
ukiona jalada la fedha,
matatu tu dukani, na moja liko mkononi mwako.
Nikatia boksini lile la kawaida.
Ndiyo. La fedha nikalificha ndani ya koti.

Bi Aune Kivelä hajawahi kusoma katuni.
Mumewe, Urho, alizikwa Oktoba, ardhi ilipokuwa bado laini,
ila jina lake limebaki kwenye folda ya Reino:
*Kivelä, nakala moja.*
Kila toleo jipya mjane huja, hulipa
kwa sarafu za kopo la peremende,
hulitupa boksini bila kulifunua, huyoo.

Leo upepo ulimzuia. Akaketi karibu na hita.
Akafunua.
Alisoma kama mtu asomaye karatasi ya dawa,
kidole chini ya kila neno, midomo ikitembea,
na alipofika mwisho akaligeuza jarida,
akatazama nyuma, akatazama tena ndani.
"Imekwishaje hivi? Binti bado ananing'inia!"

Odette akamwonyesha, chini kulia, kwa herufi za sisimizi:
*Itaendelea.*

"Miaka arobaini," akasema Bi Aune,
si kwetu,
"miaka arobaini alikuwa analala na neno hili
ubavuni pangu, wala hakuniambia."

Jarida akalitia mkobani.
Akahesabu sarafu upya: "Nipe na la mtoto."
Kisha, akiwa tayari mlangoni, skafu mdomoni:
"Reino, jina lisifutwe."

Mimi nikafungua koti.
Lile la fedha nikalichomeka katikati ya rundo,
si juu,
nisije nikaonekana mwema.

Tukalibeba boksi, mimi na Tapio,
na hatukufika garini. Likatatuka chini.
Katuni zikamwagika thelujini kama samaki,
na watu kumi na wanane, na mjane wa kumi na tisa,
tukainama kuziokota,
tukizipangusa kwa mikono ya makoti,
polepole mno, bila aibu,
kila mmoja akiiba ukurasa mmoja
wa hadithi ambayo hakuinunua.