Nyuzi Ishirini na Mbili

Lala chali, Kalina. Bega lisibanduke mezani,
kiwiko pembeni, nyuzi tisini kamili,
kama ulivyochora darasani ukapewa alama.
Nami nina kipimapembe changu cha plastiki,
ndugu ya kile cha mkoba wako, ila kina mikono mirefu.
Naushusha mkono wako kuelekea kiunoni, taratibu,
mpaka kombe la bega litake kuinuka.
Hapo nasimama.
Hapo ndipo mwisho wako wa leo.

Kushoto: sabini.
Kulia: arobaini na nane.

Nje, mvua ya Novemba inaukologa mto Nysa.
Ndani, wenzako kumi na mmoja wamepanga foleni ukutani,
soksi zimewashuka, wanasukumana, wanacheka,
kila mmoja akiamini mbovu ni jirani yake.

Nikiupeleka nyuma, mkono huo huo unakwenda na kwenda,
mia na nane, na Żaneta anapiga mluzi wa kijicho.
Hilo ndilo linalotudanganya.
Mnaona upinde ulivyovutwa,
mnausikia mpira ukilia sakafuni upande wa pili,
hamwoni kwamba mbele kumekatwa zaidi ya kilichoongezwa nyuma.
Jumlisha mwenyewe, wewe si mvivu wa hesabu:
kushoto mia na sabini,
kulia mia hamsini na sita.
Nani kachukua zilizobaki?

Kocha Bogusz amekuja na daftari.
Anauliza juu ya kombe, lile la Aprili,
la bati lililopakwa dhahabu.
Mimi nimeshika kombe jingine, la mfupa,
jembamba, la miaka kumi na sita,
linatetemeka chini ya kidole gumba changu.
Namwambia: apunguziwe mapigo. Arobaini kwa siku, basi.
Ananitazama kana kwamba nimeomba wavu ushushwe.

Sikumweleza habari zangu.
Opole, nikiwa na miaka kumi na saba,
vidonge viwili kabla ya mechi, kimoja baada,
na leo koti langu natundika kwenye msumari wa chini,
wa watoto.

Ila wewe, uliponyanyuka, ulisema jambo dogo,
huku unatafuta kiatu:
kwamba Jumamosi, kwenye duka la mikate la shangazi yako,
aproni unaifunga kwa mbele, tumboni,
kisha unaizungusha mpaka fundo liende mgongoni.
Tangu lini?
Tangu kiangazi, ukasema. Ni haraka zaidi.
Si haraka, binti yangu.
Ni mkono uliokwisha kuisahau njia ya mgongoni.

Basi, kila jioni: lalia ubavu wa kulia,
kiwiko mbele ya uso, mkono wa kushoto uusukume wa kulia chini,
usipambane, usikaze meno,
pumzi tano, pumzika, pumzi tano.
Si dawa ya kusimulia.
Hakuna atakayekupigia makofi umelala kwenye zulia
karibu na paka na redio ya baba.

Uliniudhi mara mbili. Januari ulidanganya,
bega lilisema kabla yako.
Februari ulilia kwa sababu Żaneta alianza mechi
nawe ukabeba chupa za maji.

Machi: sitini na moja.
Bado tisa. Labda hazitarudi zote,
sikuahidi, wala sitaahidi.

Lakini Jumamosi hii niliingia kununua mkate wa shayiri nyeusi.
Ulikuwa umenipa mgongo, hukuniona.
Mikono yote miwili ilikuwa nyuma,
vidole vikipapasa kamba kama vinavyotafuta swichi gizani,
wa kulia ukachelewa, ukapotea,
ukafika.

Fundo lenyewe baya, limekaa upande.
Nililipa, nikatoka,
nikasahau chenji.