Duara la Rangi Tano

Saija ametoka Helsinki na kompyuta kwapani,
viatu vyake vya mjini vimelowa theluji ya uwanja wetu.
Amenikalisha ofisini, nyuma ya kiwanda cha karatasi,
akafunga mlango; ngurumo za mashine zikabaki nje
kama mbwa aliyezoea kuingia.
"Bwana Oiva," akasema, "matokeo yako haya."

Maswali tisini na sita niliyajibu mwezi Novemba,
kwa kidole kimoja, baina ya kahawa na zamu.
Je, huitambua hasira yako kabla haijapanda?
Daima.
Je, huwasikiliza walio chini yako?
Daima. Miaka ishirini na miwili ya usimamizi,
nisiposikiliza mimi, nani?

Nyani haoni kundule, wasema wasemao.
Mimi langu limeletwa mezani,
limechorwa duara, limepakwa rangi tano,
na pembeni limeandikiwa wastani.

Kuhimili shinikizo: nimejipa nne, wenzangu wakakubali.
(Kiwanda kikiwaka moto nitamalizia kikombe kwanza.)
Kujitambua: nimejipa tano, wao mbili.
Kuhisi yaliyomo moyoni mwa mwenzio:
hapo palikuwa na kijani chembamba tu,
kama mwanga wa ufa wa mlango.

Na ukurasa wa mwisho, bila jina, mstari mmoja:
"Huniuliza habari akiwa ameshageuka."

Nilicheka. Saija hakucheka.
Alingoja. Nami sijui kungojewa;
nikamweleza bei ya umeme, na tani, na wanunuzi wa Ujerumani,
akaniacha mpaka maneno yakaniishia,
kisha akauliza: "Limekuuma wapi?"
Nikasema halijauma.
Mkono wangu ulikuwa umeshika taya.

Usiku ule nilipita kumsaka mwandishi.
Nilimchungua Raimo, nikamchungua Pirkko wa maabara,
nikaangalia nani anakwepa macho, nani anajitia hamnazo.
Kumi na wanne walijaza fomu.
Kumi na wanne, na hakuna hata mmoja
niliyewahi kumtazama usoni kwa muda mrefu hivyo.

Saa tisa usiku karatasi ikakatika.
Mita sita za upana zikaruka, zikajikunja,
zikalundikana sakafuni zikifuka mvuke,
na Eetu, miezi mitatu kazini,
amesimama katikati, mikono mitupu.
Neno lilikuwa tayari mdomoni mwangu;
naijua ladha yake, limepita hapo mara nyingi.
Taya likanikaza.
Kumbe ndilo hili, nikajiambia, swali la kumi na saba.
Nikalimeza. Halikushuka vizuri.

Tulipitisha karatasi upya, dakika arobaini, kimya.
Kisha nikamuuliza, "Habari yako?"
na miguu ikaanza kuondoka yenyewe,
farasi ajuaye banda lake.
Niliizuia. Nikasimama.
Sekunde moja. Tano. Kumi na moja.
Eetu akageuka nyuma kuona nasema na nani.
"Nzuri," akasema.
Nikazidi kusimama.
"Si nzuri sana," akasema.

Yaliyofuata ni yake, sitayaandika.

Saija atarudi mwezi Mei na maswali yaleyale.
Huenda nikapata tatu, huenda mbili na nusu;
namba haijui kilichonitoka jasho.
Jana nimepeleka fomu tupu nyumbani,
nikaiweka mbele ya Helvi, mke wangu,
penye makombo ya mkate.
"Jaza," nikamwambia, "usinihurumie."
Akavaa miwani. Akajaza ukurasa wa kwanza,
akajaza wa pili haraka kuliko nilivyopenda,
akafika swali fulani, akalaza kalamu.
"Oiva," akasema, "hili unataka nilijibu kweli?"

Nilikuwa nimeshafika mlangoni, mkono kwenye kitasa,
zamu inaningoja.

Nikarudi nikaketi, koti likiwa bado mwilini.