Fundi wa Matope

Mimi kazi yangu ni matope.
Si ya mtoni. Haya nayakoroga mwenyewe alfajiri
kwenye bakuli la bati: kakao, kahawa iliyolala,
udongo mkavu uliochekechwa mara mbili
usije ukamwasha ngozi yule bwana.

Tuko nje ya Sparta, Tennessee, kwenye malisho ya watu.
Ng'ombe wametutazama, wakatudharau.
Pikapu imekodiwa pamoja na kutu yake.
Karatasi niliyopewa ina mistari miwili:
Colt, mchafue.
Msichana, msafishe.
Jina la msichana halikuandikwa.

Nampaka Colt pajani, nampaka gotini,
kisha shavuni, mchirizi mmoja
kama wa mtu aliyejifuta jasho kwa mkono wenye kazi.
Mkono wake nimeushika: mkate wa maziwa.
Babake daktari wa meno, Atlanta. Kijana mpole,
ananiita mama, ananiuliza kwa sauti ya chini
kama kweli anafanana na mtu wa trekta.
Namwambia anafanana.
Nalipwa kusema anafanana.

Halafu msichana. "Tansy," asema, "Tansy Eldridge,
kwetu ni nyuma ya kilima kile."
Kaptura yake nimeikata mimi;
nikakata tena; mwongozaji akasema bado.
Gotini ana kovu refu la seng'enge,
la usiku ule alipomvuta ndama mtaroni
peke yake, umri miaka kumi na mmoja,
babake amelazwa, mvua haina adabu.

"Lifiche hilo," sauti yatoka nyuma ya kamera.
Nalifukia kwa poda. Tabaka la kwanza, la pili.
Yule nampaka asichokifanya,
huyu namfuta alichokifanya,
na sifongo ni ileile.

Wahenga walisema kizuri chajiuza.
Wahenga hawakuwahi kukutana na meneja.

Tansy akapandishwa nyuma ya pikapu, miguu inaning'inia.
"Mtazame dereva," akaambiwa. "Cheka kama umeokolewa."
Colt akawasha. Gari likaruka kama chura, likazima.
Akawasha. Likazima.
Mara ya tatu likarudi kinyumenyume, taratibu,
tairi la nyuma likaingia mtaroni,
na Colt akashika usukani kwa mikono miwili
kama mtu anayeshika sahani moto.

Kamera ilikuwa imezimwa. Watu wamekwenda kunywa chai.
Tansy akashuka, akafungua mlango, akasema, "Sogea."
Kanyaga, gia, achia polepole,
matope ya kweli yakamrukia hadi kwenye nywele,
gari likatoka.
Akaliegesha palepale penye alama ya chaki,
akaja kwangu apanguswe,
akarudi nyuma kukaa, akacheka alivyoagizwa.
Nilimsikia. Alicheka vizuri sana.

Video ilitoka Machi.
Verlon wangu aliitazama kwenye simu, kochini,
bega lake limefungwa tangu kiwanda cha mbao kilipomtema.
Siku hizi yeye ndiye apikaye maharage,
yeye ndiye aanikaye shuka,
na hukunja pembe zake kuliko nilivyowahi kukunja mimi.
"Huyu mtu," akauliza, "hachoki?
Hana hata siku ya kuumwa mgongo?"
Sikumjibu. Nilimwona akiutia mkono wake
chini ya blanketi, kana kwamba kuna mtu angeuona.

Karibu na mwisho, Tansy anaruka kutoka kwenye gari
amkimbilie Colt, jua liko mahali pake,
na gotini, pale alipokanyagia klachi,
poda imepasuka.
Ni kitambo kidogo kuliko kupepesa jicho.
Labda ilinipita. Labda haikunipita.

Verlon akasimamisha picha kwa kidole.
"Hapa pana nini?"

"Ndama," nikasema.