Daftari la Bwana Geddes

Disemba hapa Dundee, kucha hakuchi.
Saa mbili asubuhi taa za daraja bado zinawaka
juu ya mto Tay,
na mimi nina zamu hadi saa tatu.

Bwana Geddes hali uji tena.
Namlowesha midomo kwa sponji ndogo
iliyochomekwa kwenye kijiti kama pipi,
anafyonza maji taratibu,
kama mtoto asiyetaka ionekane ana njaa.

Miaka thelathini na mmoja alikuwa dalali wa mahakama.
Alipanda ngazi za watu na karatasi,
akashuka na televisheni, na meza, na cherehani.
Cherehani ndiyo inayombana kifua.
Si saratani, ananiambia, saratani ina dawa yake ya saa nne nne.
Ni cherehani ya mama mmoja wa Lochee
aliyekuwa katikati ya gauni la shule,
upindo nusu, sindano bado imezama kitambaani.
"Uzi ulinifuata ngazini hadi chini," anasema.
"Nikaukata kwa meno."

Mchungaji alikuja Jumanne, mama mwenye mabuti ya theluji,
akasema maneno mazuri.
Bwana Geddes akamshukuru, akageukia ukuta.
Mimi ananiuliza kwa kuwa ni mtu wa usiku,
na usiku huulizwa yanayoonewa haya mchana:
"Huyo Mungu wenu, naye ana daftari?"

"Wetu? Si ninyi mliotuletea?"
Akacheka, kicheko kikawa kikohozi,
nikamwinua, mwepesi kama kapu la nguo kavu.

Sala aliyotufundisha Bwana, kwa Kiswahili, inataja deni.
Nilidhani ni sisi tu, watu wa kukopa unga dukani,
kumbe na kanisa lake la Kiskoti husema hivyo hivyo.
Tukaisali, yeye kwa lugha yake, mimi kwa yangu,
tukafika penye deni.
Yeye akakwama nusu ya kwanza.
Mimi nikakwama nusu ya pili.

Maana ndugu yangu Sospeta alikula kiwanja changu cha Nansio,
alikula mabati, alikula mlango,
miaka minne ya zamu kama hii.
Picha alizonitumia zilikuwa za nyumba ya jirani.
Tangu Machi simu yake naiacha iite.

Basi chumbani tukawa mdaiwa na mdai,
wala hakuna aliyekuwa tajiri.

"Daftari analo," nikasema mwishowe.
"Ila ukurasa wako una tundu la msumari,
pale pale penye jumla. Hapasomeki."
Sijui nililitoa wapi.
Akalipima kimya, kama mtu aliyezeeka na hati.
"Na cherehani?"
"Cherehani sijui, Bwana Geddes."
"Yule mama, nikibisha, atanifungulia?"
Hapo sikuwa na jibu, nilikuwa na mkono tu.
Nikampa.

Saa kumi na nusu pumzi zikaanza kuachiana nafasi,
kama mtu apandaye ngazi
akipumzika kila ghorofa.
Nikatazama mikono yake juu ya blanketi:
safari hii hakubeba karatasi.
Alisema neno moja, sikulisikia vizuri.
Uso wake haukuwa uso wa mtu anayefukuzwa.

Nikafungua dirisha kidogo, ndiyo desturi yao.
Baridi ikaingia, na kelele za shakwe kwenye mapipa ya taka.
Nikamwosha. Nikamchana nywele upande aliopenda.

Kisha, korido ikiwa tupu, nikatoa simu,
nikamwandikia Sospeta neno moja:
Umekula?
Kwetu neno hilo lina pande mbili,
nami kweli sikujua ni upi niliokusudia.
Nikalituma hivyo hivyo,
nje bado giza.