Kiasi

Mwezi wa saba upepo umeingia Chang'ombe
na vumbi lake lote, bila hodi.
Nyemo anakohoa tangu juzi.
Nimetwanga tangawizi, ukwaju umelala majini,
asali ya nyuki wadogo, ya Manyoni,
nitaitia mwisho, moto ukishashuka.
Ina bawa moja ndani. Nimeliacha.

Mama mkwe hakuniachia vipimo.
"Tia kiasi." Kiasi gani, mama?
"Kiasi. Uchemshe hadi mwiko uvae kanzu."
Basi nachemsha, naunyanyua mwiko:
bado uko uchi.

Chupa ya kabatini ni ya wakubwa, na ni aibu yangu.
Mizizi ile haitoi siri yake kwa maji,
inataka pombe kali,
nami naimba kwaya, sauti ya pili.
Nilikwenda dukani kwa Mbeleje, kitenge hadi kwenye nyusi.
"Ni ya dawa," nikasema.
"Wote husema hivyo," akanihesabia chenji.

Siku ya kumi na mbili sasa, kila alfajiri naitikisa;
imeshika rangi ya mifereji ya Mvumi
mvua ya kwanza ikipita.

Leo katekista Chilewa amepiga hodi, koo limemkauka.
Akanusa kizibo, akafumba macho
kwa muda mrefu kuliko sala ya chakula.
"Matone mangapi?"

Nikamwambia: kiasi.

Halafu nikakimbia jikoni, harufu imenitangulia,
sufuria imeshika chini.
Nyemo hakujali.
Alikuwa ameshauvua mwiko kanzu,
kwa ulimi.