Jiwe Lililotangulia

Mzee Lugata alinionyesha chumba akiwa amesimama mlangoni,
mgongo wake umeziba nusu ya mwanga.
"Kodi ni ndogo," akasema, "kwa sababu ya huyo."

Huyo alikuwa jiwe.

Lilikuwa limeingia kwa ukuta wa nyuma
kama mgeni aliyechoka kubisha hodi:
goti la kijivu, kubwa kuliko kitanda changu.
Waliojenga walilipiga nyundo,
wakalichomea magurudumu, wakalimwagia maji ya baridi.
Lilitoa cheche, likakaa.
Basi nyumba ikalizunguka.
Huku Igogo kwa juu ndivyo tulivyo:
jiwe kwanza, hati baadaye.

Mwezi wa kwanza nililifunika.
Shuka la maua. Pazia lililobaki.
Mwisho kanga ya mama, yenye maandishi:
KULA KWAKO SHIBA KWAKO USINIPIGIE HESABU.
Likaonekana kama mtoto anayecheza kujificha
na miguu yote nje.

Mbuke alipokuja na sufuria yake ya dagaa
alisimama akatazama, akatazama tena.
"Nkwimba, unamvalisha nani?"

Jumapili nikavua vyote.
Mjusi akaingia dirishani, akapanda juu ya goti,
kichwa cha waridi, kiuno cha bluu,
akaanza kupiga pushapu
kama mgambo anayedaiwa.
Hakulingana na chochote chumbani mle:
si ndoo, si godoro, si kalenda ya duka la mbolea.
Na alikuwa amependeza.

Nikashuka mjini kwa muuza rangi.
"Nataka bluu ya mjusi," nikamwambia.
Hakucheka.
Akauliza, "Dume au jike?"

Nusu lita ilitosha ukuta mmoja,
ule unaopakana na jiwe.
Juu ya goti nikaweka redio, kikombe chenye ufa,
kibuyu cha bibi ambacho miaka yote kilikaa uvunguni
kwa kuona aibu ya ushamba. Aibu ilikuwa yangu, si yake.
Taa nikaishusha chini, nyuma ya kibuyu,
na usiku jiwe likaota milima ukutani.

Tena lina joto. Hilo Mzee Lugata hakuniambia.
Mchana kutwa kichwa chake kiko nje, juani, na pimbi wake;
usiku, huku ndani, linanirudishia
kidogo kidogo, kama mdeni mwaminifu.

Gauni nililipata Mlango Mmoja, chini kabisa ya rundo,
la waridi, la mtu mnene wa nchi ya baridi.
Fundi Ngolo alilipunguza kila upande
akabakiza mabega. "Mabega haya usiyaguse," akasema,
"yanaingia mahali kabla yako."
Mabaki yakawa foronya.

Nikalivaa kupanda kivuko cha Kamanga.
"Msiba?" jirani akauliza. Hapana.
"Harusi?" Hapana.
"Sasa unakwenda kufanya nini huko?"
Kula sato, nikasema, halafu nirudi.
Akanihurumia.

Katikati ya maji, kati ya lori la ng'ombe
na kijana mwenye trei ya mayai,
upepo ukishughulika na mabega yangu,
niligeuka kutazama mji.

Nikaliona lote.
Paja, mgongo, shingo, mawe mengine yameliegemea
kama ndugu kwenye picha ya ukoo,
na pembeni, padogo, bati linalong'aa:
chumba changu,
kimebandikwa pale kama kipini cha pua.

Miezi minne nahangaika
namna ya kulipamba jiwe.
Nilicheka peke yangu. Kijana akasogeza mayai yake.

Nilirudi jua limezama, viatu mkononi,
na ganda moja la konokono kutoka mchangani Kamanga.
Sikuwasha taa.
Nililiweka gotini kwa kupapasa,
nikaegemeza mgongo, na gauni langu lote.

Lilikuwa bado la moto.