Mrehani wa Barabara ya Kumi na Tano

Kila miezi mitatu, Jumanne, kabla jua halijawa kali,
naibeba ngazi begani
kutoka Makorora mpaka Barabara ya Kumi na Tano.
Ngazi ni ya mti; mguu mmoja nimeufunga mpira wa baiskeli.
Watoto wa chuoni wananiita Fundi Baridi.
Siwakatazi.

Bi Nuruana hanisalimu, ananishtakia:
"Kinapuliza, lakini kinalia. Tazama tandiko langu."
"Tutakibembeleza," namwambia.
Nazima swichi ya ukutani, kisha nazima ile kubwa,
maana umeme hauna udugu
na mwalimu wangu wa VETA alikuwa na vidole vinane.

Nafungua mfuniko, nachomoa vichujio.
Vilikuwa vyepesi kama chandarua cha mtoto,
sasa vizito kama shuka la mgonjwa.
Hapa naisoma nyumba bila kuuliza:
moshi wa udi wa Alhamisi usiku,
unga wa ngano,
unywele mmoja mrefu, mwekundu wa hina,
ambao si wa Bi Nuruana.
Nanyamaza.

Bomba la uani, sabuni ya kipande, mswaki wangu wa zamani.
Vumbi linashuka kama uji, halafu kama maziwa, halafu maji matupu.
Naviegemeza kivulini, kwani jua huvipinda.
Niliwahi kuvipinda vya Bwana Shekiondo wa Raskazone
nikamlipa kwa awamu tatu.

Huku nje, lile boksi la feni linaliwa na chumvi.
Tanga haina haraka, ila chumvi yake haijui likizo:
mwaka jana skrubu hizi zilikuwa nne,
leo mbili ni kutu yenye umbo la skrubu.
Mapezi yamelala kama nyasi alipoamka mbwa.
Nayachana kwa kitana cha chuma, mstari kwa mstari,
namtoa mjusi aliyekauka,
mkono mmoja juu, kama anayeomba ruhusa.

Narudishia kila kitu. Nawasha.
Bado kinalia.

Ndipo nikautazama mrehani.
Uko nyuma ya nyumba, katika kopo la rangi,
mali ya Mwanaidi, mpangaji wa chumba cha uani,
asiyesemezana na Bi Nuruana tangu ule ugomvi wa luku.
Kila nijapo huukuta umestawi,
unakunywa matone ya kiyoyozi, tone, tone,
bila kuomba, bila kushukuru.
Leo majani yamejikunja kama risiti mfukoni.

"Huu haujanywa siku ngapi?"
"Mimi simwagilii miti ya watu."

Basi jibu ninalo.
Nachuchumaa, nautia mdomoni mpira wa kutolea maji
(ndiyo, mdomoni; pampu yangu iliibwa Mabawa)
navuta mpaka mashavu yanagusana.
Ukaja kwanza utelezi wa kijani, kama mlenda uliolala,
kisha nyigu na nyumba yake ya udongo,
na mimi natema, natema,
kisha maji ya wiki tatu yakashuka kwa pamoja
juu ya kiatu changu, juu ya kopo.

"Ungemuuliza jirani, angekwambia maji yamekata."
Akajitia kutafuta pochi.

Nawasha tena. Kinakohoa, kinanyamaza, kinafikiri,
halafu pumzi,
baridi kama sakafu ya msikiti alfajiri.
Naandika tarehe ubavuni mwake kwa kalamu,
chini ya tarehe zangu nyingine kumi na moja.
Mwandiko umebadilika. Sikujua.

Ananilipa pungufu ya elfu mbili, kama kawaida,
na kunifungia visheti kwenye gazeti.
Ninapoifunga ngazi kamba uani
anatoka, akidhani nimekwisha kwenda,
anatazama chumba cha Mwanaidi, mlango umefungwa,
na kwa ncha ya kandambili
anasukuma kopo kidogo, kushoto,
pale tone linapoangukia.

Narudi Makorora nikitafuna visheti.
Feni yangu ina vumbi la tangu mfungo.
Kinyozi hajinyoi.
Kesho, labda.